Moyo wa Mama Mkwe

Niliruka, bana. Niliruka kwa furaha katikati ya ofisi yetu pale Kitale mpaka muuguzi ninayefanya naye kazi akaniuliza kama nimeumwa na siafu. Kompyuta ya utafiti ilikuwa imechagua maboma ya kupimwa upande wa Bokoli, kwetu Bungoma, na mojawapo lilikuwa la wakwe zangu.

Utafiti wenyewe ni wa moyo. Tunatafuta watu ambao vali zao za moyo, yaani milango ya kupitishia damu, zimeharibika bila wao kujua, mara nyingi kwa sababu ya ugonjwa wa koo wa utotoni ambao haukutibiwa. Siku hizi hatubebi mashine kubwa kama friji. Tuna kifaa cha kushika mkononi tu. Unakipitisha kifuani, na picha inatokea kwenye tableti bila waya, moyo wenyewe ukicheza mbele yako. Nimezisoma picha hizo miaka sasa na bado nasisimka kila mara.

Sasa, mama mkwe. Mke wangu alikuwa hapati usingizi kwa ajili yake. Miguu imevimba, akipanda kijilima anasimama kuhema, usiku analala ameketi. Zahanati ikasema ni pumu, majirani wakasema ni uzee. Mimi nilishuku vali tangu mwanzo, lakini ningefanya nini? Kwetu Bungoma mwanamume na mama mkwe wake hawagusani, hawatazamani usoni, hawaketi chumba kimoja. Miaka yote ya ndoa yangu nimemjua kwa mgongo na leso. Nimwambie avue blauzi nimpime kifua? Ala! Ningefukuzwa na ukoo mzima.

"Mimi ndiye nitapima," muuguzi akasema. Yeye ni wa kule juu Mlima Elgon, na mdomo wake hauna breki. "Wewe utasoma picha ukiwa mbali. Kwani shida iko wapi?"

Tulikuwa tumetuma habari kwamba tunakuja. Kosa letu ni kwamba tulifika mapema, na mama mkwe alikuwa anatoka jikoni na sufuria ya maji. Tukakutana ana kwa ana kwenye kona ya nyumba. Adabu ikafanya kazi kabla ya akili: mimi nikajitupa nyuma ya ghala, yeye akatupa sufuria na kukimbilia ndani ya mahindi. Kukimbia! Mtu mwenye moyo ule! Nikasikia mabua yakivunjika, kisha kimya, kisha mtu akitafuta pumzi na kuikosa.

"Mfuate wewe!" nikampigia muuguzi kelele. Mimi mwenyewe nilibaki pale nyuma ya ghala, nimeikasirikia adabu yenyewe, na miguu bado inakataa kusogea.

Alimkuta ameketi chini kati ya mistari ya mahindi, ameshika kifua. Akampumzisha, akamwingiza chumbani polepole, akamweleza utafiti unahusu nini. Mama akakubali kupimwa kwa sharti moja: mkwe abaki nje. Basi nikasimama chini ya dirisha, nimeupa ukuta mgongo, tableti mkononi.

Picha ikatokea. Jamani! "Inamisha kidogo. Rudi kushoto. Hapo hapo, usitikisike!" Vali ilionekana wazi kabisa: imekakamaa, inafunguka kidogo tu, damu inasukumana nyuma yake kama watu kwenye lango la uwanja siku ya mechi. Pumu wapi? "Tumeipata!" nikapaza sauti, nusura niruke tena.

Halafu sauti ya mama ikasema, "Hebu muulize huyo mkwe ameona nini."

"Mwambie," nikaanza, "mlango mmoja wa moyo..."

"Mwambie mwenyewe," muuguzi akanikata. "Si mimi redio. Ati nitangaze moyo wa mtu na mwenye kuuona amesimama hapo?"

"Mama," nikasema, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsemesha. "Mlango mmoja wa moyo wako umekaza. Si pumu, na uzee bado. Madaktari wa kuufungua wapo. Lakini ukibaki hapa nyumbani utatuacha."

Kifaa kilikuwa bado kifuani pake. Na tableti nilikuwa nayo mimi. Niliuona moyo wake ukienda mbio, nikajua anaogopa hata kabla hajasema neno, na machozi yakanitoka mbele ya kuku. Nilimpenda mama huyo sana dakika ile. Nilitaka aishi.

"Baba," akasema mwishowe, na sasa hakuwa anamtuma muuguzi, alikuwa ananisemesha mimi. "Nitaenda. Lakini unipeleke wewe mwenyewe. Na unishike mkono, nisianguke."