Moto wa Mama Mi-gyeong

Pyo Geum-rye, ambaye sisi majirani tulimwita Mama Mi-gyeong kwa jina la bintiye, alifuga moto kama wengine wanavyofuga ng'ombe. Aliulisha, aliusikiliza unavyopumua, na ukigeuza sauti aliamka.

Alikuja huku Cheoram, mji wetu wa makaa ya mawe, akiwa bibi harusi, enzi ambazo mgodi ulimeza wanaume asubuhi ukawatema jioni, na mto ulipita katikati ya mji ukiwa mweusi tii, hata watoto shuleni walipochora mto waliupaka rangi nyeusi. Mumewe, Guk Jong-dal, alichimba makaa chini ya ardhi. Geum-rye aliyachambua juu, akitupa mawe pembeni huku mkanda wa kupitishia makaa ukikimbia mbele ya macho yake. Nyumbani nako kulikuwa na makaa, yale ya duara yenye matundu, yakiwaka chini ya sakafu ili ipate joto. Ilibidi uyabadilishe kabla hayajafa, ukilaza jipya juu ya lililochoka, tundu kwa tundu, moto upate kupanda.

Kisha ikaja baridi moja mbaya. Wifi yake, Su-nam, msichana mdogo aliyekaa nao, alilala chumba cha pili na hakuamka. Hewa ya sumu ya makaa ilikuwa imepenya kwenye ufa wa sakafu. Geum-rye ndiye aliyefungua mlango. Alimkuta amelalia mkono wake, mashavu mekundu kama mtu aliyetoka kucheza kwenye theluji sasa hivi. Alimwita mara kadhaa kwa sauti ya chini, asije akamshtua.

Tangu siku ile hakulala tena usingizi wa watu. Alilala usingizi wa paka, sikio moja liko wazi.

Mgodi ulipofungwa, mto ukarudi rangi yake, na makaa yakaondoka majumbani. Wakaleta boila ya mafuta, ya kuchemsha maji yanayopita chini ya sakafu, ikawekwa kwenye kibanda nyuma ya nyumba. Fundi wa wakati ule alitaka kuvuta swichi hadi ndani, Geum-rye akakataa. "Moto niuwashe huku nauona," alisema. Basi kila asubuhi na kila jioni alijifunga kilemba cha sufu, akazunguka nyumba, akawasha au akazima, akasimama pale akisikiliza mngurumo kama mama anayesikiliza kifua cha mtoto.

Jong-dal naye mapafu yalimsaliti, kama yalivyowasaliti wengi wa mgodini. Kikohozi kikamganda. Siku moja alibeba godoro lake akahamia chumba kidogo, akasema kile kikubwa kina joto mno. Miaka ikapita, ukuta uko katikati yao, na hakuna aliyelizungumzia tena.

Mwaka ambao barafu ilitangulia kuliko kawaida, Mama Mi-gyeong aliteleza kwenye kona ya kibanda akavunjika kifundo cha mkono. Bintiye akapiga simu kutoka Wonju, anakoishi, akifoka na kulia kwa pamoja: "Mama, ukitoka tena nje kwa ajili ya hiyo boila, nakuja kukubeba mgongoni!" Na ndiyo maana akaja fundi Yeo Chang-sik, mnene, mcheshi, na kiboksi cheupe kidogo mkononi. Nilikuwapo, maana nilikuwa nimepeleka supu ya figili. Theluji ilikuwa ikianguka bila upepo, mapande makubwa, taratibu, kiasi kwamba ukiitazama sana dirishani ulidhani nyumba ndiyo inayopaa.

"Bibi, hiki ndicho kidhibiti joto," fundi alisema. "Unakipa joto unalotaka. Chumba kikipoa, chenyewe kinaiambia boila iwake. Kikipata moto wa kutosha, kinaiambia ilale."

"Kinaiambiaje? Kina mdomo?"

"Kina nyaya mbili. Zinatoka huku ukutani mpaka kule kibandani."

"Na moshi je? Nao utaambiwa?"

Fundi hakucheka. Alitoka akakagua bomba la moshi kiungo kwa kiungo, akabadilisha kimoja kilicholegea, akarudi na theluji mabegani. "Moshi unatoka nje wote, bibi. Nimeweka mkono wangu mwenyewe kwenye kila kiungo." Kisha akauliza swali lililoleta kizaazaa. "Sasa nikitundike wapi? Kinapima joto pale kilipo tu. Chumba kilichobaki kitafuata kwa kubahatisha."

"Kwa mzee," alisema Mama Mi-gyeong.

"Kwa mama," alisema Jong-dal kutoka chumba kidogo, wakati uleule.

"Baba Mi-gyeong, usianze! Wewe ndiye mwenye kifua."

"Mimi nasikia joto. Nilishasema zamani."

"Joto gani? Mtu anayelala na makoti mawili na soksi za mgodini! Unadhani sifui nguo zako?"

Kikajibu kikohozi, kirefu, kile cha kuvuta kutoka mbali. Kilipoisha, mzee alitokea mlangoni ameshika fremu.

"Nilihama ili ulale," alisema. "Nilikuwa nakuamsha kila saa. Ulikuwa ukiamka umevimba macho."

Mama Mi-gyeong alimtazama kama mtu anayesomewa habari za mwenzake aliye mbali.

"Nilale?" alisema. "Wewe mzee una wazimu. Ukikohoa, najua uko hai. Ukinyamaza huko nyuma ya ukuta, ndipo ninapoketi nikasikiliza. Miaka yote hii nimeketi. Nilishafungua mlango mmoja asubuhi, sitaki kufungua wa pili."

Fundi alikuwa amekitumbulia macho kiazi kitamu cha kuchoma nilichompa, asijue akile au akirudishe. Mimi pia nilitafuta pa kutazama.

"Kiweke chumba kikubwa," Mama Mi-gyeong alisema hatimaye, akimgeukia fundi. "Na wewe, Baba Mi-gyeong, lete godoro. Au unangoja nije nikutongoze?"

"Kwa mkono huo uliovunjika?" mzee alisema, lakini masikio yake yalikuwa yamewiva.

Chang-sik alichomoa plagi ya boila, akafungua kifuniko cha chini, akafunga ncha za nyaya mahali pake. Waya wa kwanza ulikuwa umeguguniwa na panya, ikabidi avute mwingine. Akatundika kiboksi ukutani, mbali na dirisha na mbali na jiko, kisha akarudisha umeme. Namba zikawaka. Akabonyeza. Ukutani kukalia *tik*, kijisauti kama cha mtu anayefunga kifungo, na nyuma ya nyumba, bila mtu kwenda, moto ukaitika.

Mama Mi-gyeong alisimama muda mrefu, mkono usiovunjika umegusa ukuta. Joto lilikuja kwa kutambaa sakafuni, kwanza karibu na mlango, kisha katikati, kama maji yanayofuata mfereji. Alikaa chini. Alilala upande. Kabla fundi hajamaliza kukusanya bisibisi zake, mama yule alikuwa amesinzia mchana kweupe, mdomo wazi kidogo.

Alinihadithia baadaye alichoota. Alikuwa akitembea juu ya mto wa zamani, ule mweusi, na mto ulikuwa vuguvugu chini ya nyayo zake. Su-nam alikuwa mbele, amebeba viatu mkononi. "Wifi," alimwita, "nani anaangalia moto?" Su-nam hakugeuka. Alisema tu, "Wewe njoo, maji ni mazuri."

Siku chache baada ya hapo, theluji ilianguka mpaka magotini. Asubuhi niliangalia juu kilimani, nikaona nyumba yao haina nyayo hata moja kuizunguka, mlango umefungwa, na jua limeshapanda. Nikamkumbuka Su-nam. Nilimwita mume wangu na jirani mwingine, tukapanda tukianguka na kuinuka, tukaugonga mlango kwa ngumi.

Ulifunguliwa baada ya muda. Mama Mi-gyeong alikuwa amesimama pale, nywele zimesimama upande mmoja, shavu lina alama ya mto wa kulalia. Nyuma yake mzee alikuwa akitafuta suruali.

"Kuna nini?" aliuliza. "Kumeungua?"

"Mmelala mpaka saa hizi!" nilipiga kelele, nikilia.

"Eti," alisema kwa mshangao, akitazama jua. "Kumbe tumelala."

Alituingiza ndani, akasema atapika wali. Tuliketi sakafuni na nguo zetu zenye theluji, na joto likatupanda miguuni, mapajani, kiunoni. Mzee alianza kusimulia jambo la mgodini, polepole, akisimama kukohoa. Sikumbuki liliishaje. Mume wangu alikuwa wa kwanza kujinyoosha na kusinzia, kisha yule jirani, kisha mimi, na jikoni sufuria ya wali ilikuwa ikichemka yenyewe.