Kipimo cha Kitanda

Wiki iliyopita mwanangu alikuwa anafungua boksi la friji mpya sebuleni, na yale mapovu meupe magumu yanayozuia friji isigongwe njiani yakasuguana. Watu wengi mlio ule huwatia ganzi ya meno. Mimi ulinitoa machozi, mwanangu akadhani nalilia friji.

Kwetu Lemara, Arusha, mlio ule ulimaanisha baba yupo kazini. Alikuwa mwashi, na ukimsikiliza yeye, nusu ya mtaa wa Kijenge ameijenga kwa mikono yake, mpaka figo zilipomwelemea na madaktari wakamkataza kunyanyua tofali. Mjomba Zakaria, kaka yake mama, mwalimu kwenye chuo cha Makumira, alikuwa amerudi kutoka masomoni ng'ambo na vifaru viwili vya kuongozwa kwa rimoti, vyenye mizinga inayozunguka na kutoa moshi. Alipoona baba anashinda barazani akitazama magari, akamwambia, "Shemeji, vifaru vyangu havina mji wa kupigania. Nijengee basi."

Baba akajenga mji. Kuta alizikata kwenye mapovu ya friji, akazipiga lipu ya saruji nyeupe na mchanga alioupitisha kwenye chujio la chai la mama, na ugomvi wa siku ile siusahau. Bati alilipata ndani ya maboksi, kwenye ile karatasi yenye mikunjo. Vumbi hatukuhangaika nalo, Arusha lipo la kutosha. Mimi nilikuwa mpimaji wake, akiniita Injinia. Kila kitu kilitakiwa kilingane na vifaru: mita moja ya kweli ilikuwa sentimita sita na kidogo, na mlango ukizidi nilikuwa na ruhusa ya kuukataa. Ruhusa hiyo niliitumia bila huruma.

Nyumba zote zilikuwa za kubomoka, maana mji wa vita ndivyo ulivyo. Lakini kila moja baba aliijenga nzima kwanza, na meza yake, na vitanda, na kalenda ukutani, ndipo aibomoe polepole kwa kisu. Nilimuuliza kwa nini anajisumbua.

"Nyumba iliyobomolewa ni nyumba ya mtu, Injinia," alisema. "Anayechungulia aone mahali walipokuwa wanakula."

Mji wetu tuliuonyesha kwenye uwanja wa kanisa siku ya mavuno, mnada wa ndizi na kuku ukishaisha. Mwinjilisti alinung'unika kwamba vita haviletwi kanisani, kisha yeye ndiye aliyeng'ang'ania rimoti kuliko watoto wote. Mwaka mmoja jogoo wa mnada alichoropoka akakatiza katikati ya mji, na hasara aliyoileta, vifaru havijawahi kuifikia. Baba alicheka mpaka akajishika ubavu. Mimi nilidhani ni kicheko tu.

Mavuno yaliyofuata yalimkuta anapelekwa hospitali kusafishwa damu, akirudi hawezi hata kujivua viatu. Bado alijenga. Safari hii alijenga nyumba yetu wenyewe: baraza, nondo za madirisha, tangi la maji, hata mgomba ulioegemea choo. Mjomba alipouliza ibomolewe upande gani, baba akasema hiyo haibomolewi. Litafunuliwa paa, basi.

Siku moja kabla ya maonyesho nyumba hiyo iliwekwa mezani. Mama alikuwa pembeni anachambua maharage, mjomba anakagua vifaru vyake. Nikaleta rula yangu nikaanza kukagua chumba kwa chumba, kila kitu kikakubali, meza, kochi, kitanda changu. Nilipofika chumba cha wazazi nikasimama. Kitanda kilitakiwa kikaribie sentimita kumi kwa upana. Hiki hakikufika saba.

"Baba, umekosea," nilisema kwa sauti ya ushindi. "Kitanda chenu ni futi tano kwa sita. Hiki ni cha tatu na nusu. Hiki ni cha mtu mmoja."

Mama aliacha kuchambua. Mjomba akainamia rimoti yake, akaanza kutoa betri na kuzirudisha.

"Pima tena, Injinia," baba alisema taratibu.

Nikapima tena. Nikamwambia ni kilekile.

"Basi kipimo kiko sawa. Endelea na jikoni."

Mama akainuka akatoka uani. Tulisikia maji ya bomba yakimwagika muda mrefu, na vyombo vyote vilikuwa vimeshaoshwa.

Mimi nilinuna. Kesho yake uwanjani, kila aliyeinama kutazama nilimwonyesha kile kitanda, asije akadhani kosa ni la mpimaji. Watu walitazama, kisha walimtazama baba aliyekaa kwenye kiti cha plastiki amejifunika blanketi juani, wakasogea pembeni. Baba hakufika Krismasi.

Baada ya msiba, wageni walipotawanyika, mama hakuweza kulala kwenye futi tano kwa sita. Alilala na mimi, tukibanana, mpaka siku seremala aliposhusha kitanda kipya mlangoni na mama akaniomba nisogeze kabati. Kwa mazoea nikakimbilia rula. Nikarudi nayo, nikakiona kitanda kipya pale mlangoni, cha mtu mmoja, nikaelewa. Baba alikuwa amemwambia mama jambo lililoushinda mdomo wake, na mimi ndiye niliyemsomea mama kwa sauti. Rula nikairudisha kwenye begi la shule bila kupima.

Vifaru vya mjomba viliharibika zamani, na mji wote ulishaliwa na panya. Nyumba yetu ipo juu ya kabati la mama mpaka leo. Kila Jumamosi huishusha akaifuta vumbi kwa nje, ukutani, barazani, kwenye tangi. Paa halifunui.