Mnara Uliokuwa Penye Banda la Kuku

Nyie mliokulia Unguja enzi zetu, ua ukifagiliwa alfajiri kwa ufagio wa chelewa, mtanifahamu. Wengine nisameheni, maana jambo hili mwenyewe bado linanizungusha kichwa.

Sisi tulipokuwa wadogo tulicheza Genoa. Ni mji wa Wataliani, una bandari. Baba alikuwa mpishi wa melini, na akirudi, hata bakuli lake la muhogo wa nazi hajalimaliza, tunamtaka atuchoree. Anachukua kaa jikoni, anachora sakafuni: mnara wa taa, mrefu, kanisa la mistari myeupe na myeusi, lango la kale lenye minara miwili. Tukiruka kwa mguu mmoja tokea langoni mpaka mnarani. Mlangoni mwa kanisa pana simba wa mawe, na simba alikuwa kaka yangu Masoud. Jiwe gani lile, akinguruma mpaka mama aseme, "Simba, njoo uoshe vyombo."

Baba mji ule alitueleza kwa sala. "Nikiswali juu ya meli, nikitoa salamu ya kulia nauona mnara. Nikitoa ya kushoto naliona kanisa." Basi nasi tukielekea kibla, mnara tukauweka kulia, penye banda la kuku.

Jirani yetu, Bwana Haji, akacheka mbele za watu. "Huyo hatoki jikoni mwa meli. Anawatungia wanawe." Tangu siku hiyo baba hakuchora tena. Neno lile nimekaa nalo mpaka uzee huu, hapa Dubai, mtaa wa Al Nahda, kwa mwanangu.

Juzi juzi mjukuu wangu Salha, anayefanya kazi hotelini kule Garhoud, alikwenda Genoa kutembea na wenzake. Nikamwambia, picha baadaye. Nenda kwanza bandarini, elekea kibla, geuza shingo kama unatoa salamu, uniambie umeona nini.

Akapiga simu. "Bibi, mnara uko mbele yangu."

"Si kulia?"

"Mbele. Kulia majumba na milima tu."

Nikakaa kitako. Ina maana Bwana Haji ndiye mkweli? Nikamwuliza, "Umejuaje kibla?"

"Si jua linapozama, Bibi? Kama nyumbani."

Nyumbani kwake yeye ni Dubai. Watoto wa siku hizi, kwao kibla ni ule ukuta wenye televisheni. "Huko si Dubai, we mtoto. Iulize hiyo simu yako."

Nikamsikia anaibonyeza. Kisha, "Khalas, nimegeuka. Mnara uko kulia, Bibi, nyuma ya bega kidogo. Na kushoto kanisa la mistari linachungulia juu ya mapaa."

Nilitamani baba awe hai nimwambie. Na Bwana Haji pia, huyo zaidi.

Sasa roho ingetulia, lakini wapi. Unguja tukiswali tukielekea kaskazini, hapa ni machweo, kule kumbe ni upande jua linakotoka, na Genoa yangu inazunguka kila nikitandika msala. Zamani sikuwa na hata picha moja, na mji mzima nikiupita kwa mguu mmoja, nimefumba macho. Leo Salha ameniletea picha tele, na mnara sijui niuweke wapi. Nikitoa salamu ya kulia naliona ghorofa la jirani, lina taa nyekundu juu, na shingo yangu inazidi kugeuka kidogo, inatafuta banda la kuku.