Abiria Aliyekataa Kahawa

Mara ya kwanza nilipoomba kazi ya kuhudumia abiria ndani ya ndege, nilikataliwa kwa sababu ya ukarimu. Cheka, lakini ndivyo ilivyokuwa. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, Kifaransa changu kilikuwa kimenyooka, urefu Mungu alinijalia, na woga sikuzaliwa nao. Watu wa shirika la ndege walikuja kwetu Mahajanga, pwani ya Madagaska, wakapanga viti ndani ya darasa moja huko Tanambao kama viti vya ndege, wakakaa wao wenyewe wakawa abiria. Kila msichana alipewa sinia la vikombe na birika, awahudumie.

Mimi nikapita safu za mbele bila kusimama, nikaenda moja kwa moja kwa mzee mwenye mvi aliyekaa nyuma. Kwetu kijana hapewi kikombe huku mtu mzima anatazama. Nikainamisha macho, nikamuuliza kama atakunywa kahawa. Akasema hapana, ahsante. Nikammiminia. Akasema tena hapana. Nikatia sukari.

Nyumbani kwetu, mtaa wa Tsaramandroso, kwenye nyumba za watu wenye asili ya Ngazija, mgeni hakubali mara ya kwanza. Watu watamwona mlafi. Hukataa, akabembelezwa, akakataa tena, kisha akanywa mpaka birika likauka. Mama angenigombeza wiki nzima kama ningemwacha mgeni kwa "hapana" moja.

Shirika nalo likasema hapana, na lenyewe halikubembelezwa.

Nililia asubuhi moja, mchana nikaoga, nikajipaka liwa usoni kama kawaida, nikaenda kuuliza kosa langu. Mmoja wa waliotupima, mwanamke aliyeifanya kazi ile miaka mingi, hakunizungusha.

"Hukumtazama mtu hata mmoja machoni," alisema. "Mtu anakwambia hapana, humsikii. Na ndege ikishika moto, utawatoa watu kwa kufuata umri? Rudi mwakani. Ila usirudi hivi ulivyo."

Baba alikuwa karani bandarini, mpole lakini mgumu. Tangu zile ghasia dhidi ya Wangazija, ndugu zetu wengi waliporudishwa visiwani Komoro na nyumba zao mtaani kubaki na kufuli, hakupenda yeyote kati yetu awe mbali na macho yake. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. "Mara moja tu tena," aliniambia. "Wakikukataa, unakaa dukani na mama yako, na habari ya ndege iishe."

Kwa dada yake tu ndiko aliniruhusu, nikaenda kisiwa cha Nosy Be kwa shangazi, nikapata kazi ya kuhudumia meza katika hoteli ndogo ya Ambatoloaka. Mzungu wa kwanza aliyekataa samaki nilimwekea samaki. Alisukuma sahani, akaondoka na njaa yake. Nilijisikia vibaya kweli, maana nilikuwa nimempa kipande kizuri. Tangu siku hiyo nikajifunza kuuliza mara moja, kusikia, na kupita. Ulimi ulinivuta kama mbuzi anayetaka kwenda shambani, lakini niliushika.

Macho niliyafanyia mazoezi kwa shangazi, naye akawaka: "Unamtolea nani macho hayo?" Hata hivyo yeye ndiye aliyenifundisha kuogelea, maana kwenye kazi ile kuogelea kuliulizwa, na mimi mtoto wa pwani nilikuwa naijua bahari mpaka magotini tu. Aliingia majini na leso zake mbili, akanishika tumbo, akaniachia bila kuniambia. Nilimeza chumvi, nikamtukana kimoyomoyo, nikaelea.

Mwaka uliofuata nilirudi Tanambao. Yule mzee mwenye mvi alikuwepo. Safari hii alisimama katikati ya viti, kamba aliyopewa iwe mkanda ikining'inia mkononi, akasema hafungi. Akasema yeye ni mkubwa kuliko baba yangu.

Sikuwa nimewahi kumwamuru mtu mzima maishani mwangu. Aibu ilinishika mpaka kwenye nyayo. Lakini kazi niliitaka kuliko nilivyoiogopa aibu, nikamtazama machoni.

"Bwana, kaa. Funga mkanda."

Hakukaa. Nikasema tena, sauti ileile, nisiondoke wala nisiangalie chini. Mzee akakaa, akafunga.

Kabla sijatoka, yule mwanamke aliniambia wamenichukua.

Nyumbani nilimweleza baba yote. Aliniuliza kwa Kingazija, kama alivyofanya kila jambo likiwa zito.

"Mtu wa mvi, ukamwamuru?"

"Nilimwamuru, baba."

"Akafunga mkanda?"

"Akafunga."

Mama alikuwa akisikiliza mlangoni. Baba akavua miwani, akafuta macho kwa ncha ya kanzu.

"Basi na wewe," alisema, "uwe unafunga wako."