Mpira Niliojikatia Mwenyewe

Jambo hili ni aibu yangu, na ningeweza kwenda nalo kaburini bila shida, ila mke wangu Vero amelisimulia katika kila harusi na kila matanga tangu tuoane, na kila mara anatia chumvi (eti nililia, sikulia, jasho liliniingia machoni), kwa hiyo nimeona afadhali leo nilisimulie mwenyewe, mnicheke kwa kipimo.

Ilikuwa wakati Katanga imejitenga na kujiita nchi, mji wetu bado unaitwa Elisabethville, nami kijana mshona ngozi hapa Kamalondo, kibanda changu karibu na parokia, nikishona viatu, mikanda na mikoba ya walimu. Nilimpenda Vero. Baba yake, Papa Kabamba, alikuwa fundi wa reli na tena prezida wa timu ya mpira ya parokia, mtu wa maneno machache na kofia ya kijivu ambayo hakuivua hata ndani ya kanisa. Nilipokwenda kumwomba binti yake hakunitazama usoni, alinitazama mikono.

"Minasikia unashona," akasema. "Mupira ya timu imezeeka. Shona mupya, tucheze nayo na timu ya bantu ya Kipushi siku ya Mungu. Kama iko muzuri, njo tutaongea juu ya Vero. Kama iko mubaya, usipite tena ku barabara yangu."

Sasa, mpira wa ngozi si mkanda. Ule wa zamani una vipande kumi na vinane, na kila kimoja hukatwa kwa patroni, yaani kile kielelezo cha karatasi ngumu unachokilaza juu ya ngozi na kukizungushia kalamu. Mjini kulikuwa na Mgriki aliyeuza patroni za kila kitu, za viatu, za mifuko, hata za mpira, zote zina namba, hiki cha pembeni, hiki cha katikati, hata ukitaka kupotea huwezi. Rafiki yangu Donatien, kapiteni wa timu, akaniambia niende tu kununua, timu italipa.

"Enda kwa Mugreki," alisema. "Leta patroni, kata, shona, oa."

Hapo ndipo nilipojiharibia. Mnakumbuka siku zile kila mtu alivyotembea kifua mbele, nami kifua changu kilikuwa mbele kuliko cha jirani. Nikamwambia Donatien: "Tuko na drapeau yetu ku mulingoti, tuko na feza yetu, tuko na timbre yetu ya barua, sasa patroni njo itoke kwa Mugreki? Miye nitakata yangu."

Donatien akafikiri kidogo. "Timbre habaipigake mateke," akasema, akaenda zake.

Nikachukua mpira wa zamani (timu ilikuwa na mmoja tu, kumbukeni hilo), nikaukata nyuzi zote, nikatoa kipande kimoja, kile kilichoonekana kizuri kuliko vingine, nikakipiga pasi ya makaa kikanyooka, nikakichora kwenye karatasi, basi, patroni ya Katanga hiyo. Kwa nini nichore vyote wakati vyote vilikuwa ndugu? Hivyo ndivyo nilivyowaza. Na vile kumi na saba vilivyobaki, kwa sababu sipendi kutupa ngozi, nikavitumia kutia viraka viatu vya wachezaji, nikajiona fundi mwenye akili.

Safu ya kwanza ikaungana. Ya pili ikaungana kwa kunung'unika. Ya tatu ikakataa kabisa, upande mmoja umezidi kidole kizima, na mtu mwenye haya angesimama hapo, angevaa shati, angekwenda mjini kwa Mgriki. Mimi nikalowesha ngozi nikaivuta. Ikakubali, ngozi ikilowa haina ubishi, na mpira ukiwa hauna upepo huwezi kujua kitu, umelala tu pale mezani unang'aa kwa mafuta.

Pampu ya timu ilikuwa imekufa, ile ya timu ya Kipushi, mji wa jirani, ndiyo ingekuja nao kwenye kamioni, lori lao. Kwa hiyo siku ya Mungu, yaani Jumapili, mpira ulifika kanisani bado umelala, na Papa Kabamba, aliyekwisha kujisifu kwa parokia nzima kwamba kijana anayetaka kumwoa binti yake ni fundi, akamwomba mon père, padri wetu, aubariki mbele ya watu. Mon père akaunyunyizia maji juu ya sahani kama samaki. Watu wakapiga makofi, Vero akanitupia jicho kutoka upande wa wanawake, nami nikaanza kuwapa majina watoto wetu.

Uwanjani Donatien akachukua pampu ya Kipushi, akaanza. Mpira ukanyanyuka upande mmoja. Akaendelea. Ukanyanyuka upande ule ule. Nikamwambia aongeze, labda upande wa pili umechelewa, akaongeza, na kilichosimama pale mbele ya watu wote kilikuwa papai, tena papai lenye nundu.

Kapiteni wa Kipushi akaliinua kwa mikono miwili. "Benye hapa," akauliza kwa heshima, "munachezaka na matunda?"

Papa Kabamba hakucheka. "Lete mupira ya zamani," akaniambia.

"Iko ku viatu, baba."

"Viatu ya nani?"

"Ya bachezaji bote."

Wachezaji kumi na mmoja wakainamia miguu yao. Watu wa Kipushi wakaanza kurudi kwenye kamioni, na hapo ningepona, lakini Mama Mado, mkubwa wa wamama wa parokia, akasimama mbele ya kamioni. "Père amekwisha kuibariki," akasema. "Mupira ya baraka habaitupake. Bacheze." Wote wakamgeukia mon père, naye akakuna ndevu na kusema kwamba yeye aliubariki ukiwa umelala, lakini baraka ni baraka.

Basi wakacheza. Ukiupiga mbele unakwenda kando, ukiupiga kando unakurudia, kipa wetu aliruka kushoto mara tatu na mara tatu mpira ukamtafuta kulia, beki wetu mmoja alitaka kuokoa akatufunga sisi wenyewe, na watu walicheka hadi wakakaa chini. Halafu Donatien akapiga shuti kali kuelekea goli la Kipushi. Papai likatoka uwanjani, likapinda, likamkuta Papa Kabamba kwenye kiti chake cha prezida na kuipeleka kofia ndani ya dimbwi. Ndipo tulipojua wote kwamba hana unywele hata mmoja.

Mchezo ulipokwisha akaja kwangu, kichwa wazi, mpira kwapani (kwapani ulikaa vizuri, lazima niseme kweli). Nikajua Vero nimemkosa.

"Ulijua iko mubaya tangu wapi?" akaniuliza.

Ningeweza kusingizia ngozi. "Tangu safu ya tatu, baba. Ilikataa kuungana, miye nikavuta."

Akaitafuta safu ile kwa kidole gumba. "Kukata mubaya, hata miye ku atelier ya reli minakataka mubaya," akasema. "Kuvuta juu ya kuficha, ile njo minaogopa. Kesho utaenda kwa Mugreki. Utashona ingine. Na pale itakataa, utaniita."

Nikaenda, nikanunua patroni yenye namba zake, na safu ya tatu iliposumbua kidogo nilikimbia hadi reli kumwita, akaja na mafuta ya mashine mikononi, tukafungua nyuzi pamoja. Mpira ukawa mviringo. Vero nikapewa.

Tangu siku ile patroni nanunua, na Mungu anikate mkono nikirudia ujuaji ule. Na kitu kikikataa kuungana sivuti, namwita Vero, naye anaanza kucheka akiwa bado jikoni. Lile papai Papa Kabamba alikataa kunirudishia. Aliliweka juu ya kabati sebuleni na kulivalisha kofia yake kila alipolala, hadi alipofariki, kwa sababu, alisema, lilikuwa na kichwa kama chake sawasawa.