Majina Aliyoyarudisha Baba

Baba yangu alikuwa karani wa reli ya serikali pale Kamina, Mmethodisti mnyoofu kupita kiasi. Kazi ya serikali ilikuwa imebaki na faida moja tu, matibabu, na yeye ndiye aliyesimamia vitabu vya familia vyenye majina ya wanaotibiwa: mfanyakazi, mke wake, watoto wao. Mtoto akitimiza miaka kumi na minane bila karatasi ya shule, anafutwa. Nilipofika umri huo vita ilikuwa imeingia na wanajeshi walilala madarasani mwetu. Ningeitoa wapi karatasi? Akanifuta. Alinifuta kabla ya vijana wengine wote, ili asisemwe kwamba anapendelea wa kwake. Nilimchukia, na sioni aibu kusema hivyo.

Mwezi haukuisha, malaria ikanipanda kichwani. Mama alinipeleka kwa baiskeli hadi hospitali ya reli. Muuguzi akafungua kitabu chetu tulichokuja nacho, akaona mstari juu ya jina langu, akatuonyesha mlango. Mama hakutoka. Alitandika kitenge katikati ya njia ya kuingilia, akanilaza hapo, akatuma mtu amwite baba.

Baba alipofika, mama alimwambia mbele ya watu wote, "Ni weye mwenye ulimufuta. Basi, umuzike pia."

Baba alinigusa paji la uso. Kisha akaliandika jina langu upya na kutia sahihi, nikatundikiwa dripu ya kwinini. Angeweza kuishia hapo. Alirudi ofisini na kitabu chetu, akafungua vitabu vyote, akamrudisha kila kijana aliyemfuta mwaka ule.

Nilipopona nilimpelekea chakula kazini, nikakuta shefu wake anamfokea.

"Nani alikupatia ruhusa?"

"Minyi mwenyewe, shefu," baba alijibu akijigusa kifua. " Masomo inafungwa. Batoto batapata karatasi wapi?"

"Beko bakubwa!"

"Beko bakubwa, lakini vita haikubapa kazi. Banakula kwetu."

"Ubafute, ao utatoka mu kazi."

"Ufute weye, shefu. Minyi nilimufuta mutoto yangu mara moja. Inatosha."

Shefu akavuta kitabu kilichokuwa juu. Kilikuwa chetu. Nikaingia bila kubisha hodi, nikasimama mbele ya meza yake.

"Ile jina ni yangu, papa," nilimwambia shefu. "Ufute. Niko naangalia."

Shefu hakuweza; alikifunga kitabu. Baba walimhamishia kituo cha Bukama kwa adhabu, lakini majina yalibaki, na wenzangu wakatibiwa.