Uzi Mnene wa Nzula

Nzula alipohamia ploti yetu hapa Kitengela, nilidhani amebeba fidla. Akanisahihisha mlangoni kabla hata hatujasalimiana: ni viola, kubwa kuliko fidla, na ina uzi mnene ambao fidla haina. Nikamwambia sawa, bora nilale.

Mchana alifundisha watoto muziki. Jioni mumewe, Mulwa, akitoka zamu kiwandani Magadi, alipiga simu, naye Nzula akamchezea. Wimbo ulikuwa ule ule, wa viola peke yake bila piano, ulioandikwa Ulaya karne iliyopita. Simu ilimeza sauti za chini, kwa hivyo aliukimbiza, akakandamiza upinde, akatetemesha kidole kwenye nyuzi mpaka nikagonga ukuta kwa mwiko. Mulwa alikuja nyumbani mara chache, usiku mmoja tu, na usiku huo viola haikutoka kwenye sanduku. Sikuuliza sababu.

Caro, mwalimu wake wa viola, alipousikia wimbo ule alikunja uso. "Unapigia nani kelele? Mtunzi hakutaka mapambo. Tuliza kidole, punguza mwendo, wacha uzi mnene useme."

Nzula akajaribu. Nilikuwa napika, nikasikia sauti nzito, tupu, ikienda polepole kama mtu anayetembea akiwaza. Ugali wangu uliungua. Tangu siku hiyo Nzula hakutaka kingine ila Mulwa aje ausikie hivyo, kwa masikio yake mwenyewe, hata mara moja tu.

Tamasha likapangwa kanisani Kajiado. Mulwa aliomba ruhusa akapewa, kisha jana yake akanyimwa kwa sababu mwenzake aliugua. Nzula alilia mbele yangu bila kujificha.

"Basi kesho mchezee ile ya simu," nikamwambia. "Ile ya kelele. Nitakushikia simu, angalau itamfikia."

"Na mwalimu je, Mama Resian?"

"Mwalimu si bwanako."

Kanisani nilikaa mbele nimeshika simu, Mulwa akiwa kwenye laini. Nzula akaniangalia, akaiangalia simu, akainua upinde. Kidole akakituliza. Alicheza polepole, chini kabisa, mpaka watu wakaacha kukohoa. Wimbo ulikuwa mzuri, na mimi nilimkasirikia, kwa sababu nilijua Magadi hakuna kitu kinafika.

Makofi hayajaisha akanijia, tukategea simu masikio pamoja.

"Umesikia?"

"Huo uzi haukufika," Mulwa akasema. "Ilikuwa kimya karibu yote."

"Pole. Ningekuchezea ile yetu."

"Hapana. Nimekusikia ukipumua, Nzula. Kila ukivuta upinde. Nilikuwa nimesahau vile unapumua."